Sura ya Saba: Soma Ubavu wa Tairi Kabla ya Kulipa

Chukua Toyota Spacio ya mwaka 2003. Wasomaji wengi wa kitabu hiki wanalijua gari hili, ama kwa kulimiliki au kwa kupewa lifti. Lilitumika Japani miaka kadhaa, likapakiwa melini, likashushwa Dar es Salaam au Mombasa, na tangu hapo limekuwa likipeleka watoto shule, bibi hospitali na familia nzima kijijini kila Desemba. Likiwa tupu lina uzito wa takriban kilo 1,200. Ukipakia watu wazima wawili, watoto watatu, gunia la mchele na mabegi, linakaribia kilo 1,600. Uzito huo hubebwa na matairi manne, kila moja kama kilo 400. Ukijaza upepo wa psi 32, yaani msukumo wa takriban kilo 2.25 kwa kila sentimita ya mraba, gawanya tu: sehemu ya tairi inayogusa lami ni kama sentimita za mraba 180. Weka mkono wako mezani, vidole vimebanana. Ni hapo tu. Injini yote, breki zote na usukani wote hufanya kazi kupitia viganja vinne vya ukubwa huo.

Gari likizeeka, matairi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kubaniwa fedha. Mwenye gari hujiambia kwamba thamani yake imekwisha shuka, na kwamba mwakani huenda ataliuza, kwa nini basi aliwekee matairi ya gharama? Ninaelewa hesabu hiyo, lakini imegeuzwa juu chini. Gari jipya lina mambo mengi ya kumwokoa dereva tairi likishindwa. Mfumo wa kompyuta unaozuia gari lisiserereke ulilazimishwa Marekani kwa magari madogo yote ya mwaka 2012, na Ulaya ukawa wa lazima kwa kila gari jipya mwaka 2014. Spacio, Raum, Ipsum na Corolla nyingi za miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000 hazina mfumo huo. Tairi likipoteza mshiko kwenye kona yenye maji, hakuna kompyuta ya kudaka kosa. Kwa hiyo gari la zamani linahitaji matairi mazuri kuliko jipya, na watu tunaowapakia ndani yake ni walewale.

Tuanze na saizi, kwa kuwa ndiyo swali la kwanza la kila muuzaji. Wengi hujibu kwa kusoma tairi lililopo garini. Hilo halitoshi. Gari lililopita mikononi mwa watu watatu huenda limekwisha badilishwa rimu, au liliwekewa tairi lolote lililopatikana siku ya pancha. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo ya mlango: pale kuna kibandiko cha kiwandani. Kwenye magari ya Japani kimeandikwa kwa Kijapani, lakini namba ni zilezile duniani kote. Utakuta saizi moja au mbili na kiasi cha upepo kwa matairi ya mbele na ya nyuma. Kama kibandiko kimebanduka au kimepakwa rangi, kitabu cha gari kina habari hiyohiyo.

Tuseme kibandiko kinasema 185/70R14 88S. Namba 185 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 70 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 129.5. R inaonyesha kuwa nyuzi za ndani zimepangwa kwa mtindo wa radiali, mtindo ambao Michelin waliusajili mwaka 1946 na ambao sasa umeenea kwenye karibu kila gari dogo. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha ubavu wa juu, rimu na ubavu wa chini unapata kimo cha tairi zima: milimita 615 hivi. Jaribu sasa 195/60R15, kwa rimu ya inchi 15. Ubavu ni milimita 117, mara mbili ni 234, ongeza rimu ya milimita 381: jumla 615. Kimo ni kilekile, ndiyo maana aina moja ya gari huweza kutoka kiwandani na saizi hizo mbili.

Ukienda 195/65R15, ambayo inapatikana kila duka na muuzaji atakuambia "inaingia tu," kimo kinafika milimita 634. Gari limeinuka kidogo, na wapo wanaolipenda hivyo kwa sababu ya matuta na mashimo. Ila kila mzunguko wa gurudumu sasa unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 3. Spidi mita ikisema 80, wewe uko kwenye 82 na ushee, na ukikata kona hadi mwisho huku gari limejaa, tairi laweza kugusa plastiki ya ndani ya madigadi. Asilimia 3 ndipo mahali pa kusimama. Ukishusha hadi 175/65R14 kwa sababu ni rahisi, umepungukiwa asilimia 5, gari linainama na injini inalazimika kuzunguka zaidi kwa mwendo uleule. Nunua saizi ya kibandiko. Hesabu hii naiweka hapa kwa siku ambayo umekwama Singida na saizi yako haipo.

Zile alama za mwisho, 88S, watu huziruka, na muuzaji naye huziruka. Namba 88 ni uwezo wa kubeba: kilo 560 kwa tairi moja. Ukishuka hadi 84 ni kilo 500, ukishuka hadi 82 ni 475. Kwa gari linalosafiri na mtu mmoja tofauti hiyo haionekani. Kwa Ipsum yenye watu saba na mizigo juu ya keria, inaonekana haraka sana, maana uzito haugawanyiki sawasawa na tairi la nyuma upande mmoja linaweza kubeba zaidi ya mgao wake. Usinunue kamwe namba iliyo chini ya ile iliyoandikwa na kiwanda. Herufi S ni mwendo, kilomita 180 kwa saa. T ni 190, H ni 210. Hakuna anayekwenda kasi hiyo na familia, lakini tairi la herufi ya juu limejengwa kustahimili joto zaidi, na joto ni adui ambaye kwetu hapumziki.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko saizi na kuliko jina la kampuni, yaani umri wa tairi.

Sikiliza mazungumzo ya kwenye kibanda chochote cha matairi ya mtumba, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Nairobi. Matairi yamepangwa moja juu ya jingine, yamepakwa dawa nyeusi yanang'aa.

"Mama yangu, hii Japani orijino. Tia kidole uone kashata. Mpya ya Mchina haioni ndani."

"Ya mwaka gani, mwanangu?"

"Mwaka wa nini tena, mama? Tairi haliozi."

Kijana yule hadanganyi kwa makusudi. Anarudia alichofundishwa na aliyemtangulia. Lakini tairi linaoza, tena linaoza likiwa na kashata zake zote. Mpira unapopigwa na joto na hewa ya oksijeni hugeuka taratibu kutoka laini kuwa mkavu. Ozoni iliyo hewani huchana ngozi ya ubavu kwa nyufa ndogondogo. Kiwanda huchanganya nta ndani ya mpira ili ijitokeze juu na kuukinga, lakini nta hiyo hutoka vizuri tairi linapozunguka na kujikunja. Ndiyo sababu gari lililoegeshwa miaka miwili chini ya mwembe huzeesha matairi yake bila kwenda popote. Hatari kubwa iko ndani, pasipoonekana: gundi kati ya mikanda ya nyuzi za chuma huchoka, na siku moja, kwenye mwendo wa 100 na gari limejaa, kashata nzima inabanduka kama ilivyo. Ndipo tunasoma gazetini kwamba tairi la nyuma lilipasuka na gari likapinduka mara kadhaa.

Wamarekani walilipima jambo hili. Mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, iliripoti mwaka 2007 takwimu za kampuni kubwa ya bima: majimbo matano yenye joto, yaani Texas, California, Louisiana, Florida na Arizona, yalikuwa na asilimia 27 ya wateja wake, lakini asilimia 77 ya madai yote ya ajali za matairi yalitoka huko. Kati ya madai hayo, asilimia 84 yalihusu matairi yenye umri wa zaidi ya miaka 6. Anayeishi Tanga, Dodoma, Garissa au Mombasa asome namba hizo mara mbili. Watengenezaji wengi wa magari hushauri tairi libadilishwe au lichunguzwe kwa makini likifika miaka 6, na watengenezaji wa matairi husema lisivuke miaka 10 hata kama halijaguswa. Kwa joto letu mimi nasimama kwenye 6.

Kujua umri ni rahisi. Tafuta ubavuni herufi DOT, ufuate mstari wake hadi mwisho. Tarakimu 4 za mwisho ndizo tarehe ya kuzaliwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama zimekatika upande wa nje, angalia upande wa ndani, kwa sababu matairi mengi huandikwa tarehe upande mmoja tu. Zikiwa tarakimu 3, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halipaswi kuwa juu ya gari lolote. Na ukikuta tarehe imekwanguliwa, usiulize swali la pili. Ondoka.

Kuna mtego mwingine kwenye mtumba wa Japani, na hata kwenye gari lenyewe linaposhuka bandarini. Kaskazini mwa Japani, hasa Hokkaido, theluji hukaa miezi mingi, na magari hufungwa matairi maalumu ya baridi. Gari likiuzwa mnadani wakati huo, linakuja na matairi hayohayo. Utayatambua kwa neno STUDLESS ubavuni, au kwa majina kama Blizzak na Ice Guard, au kwa mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Kashata zake zimejaa mikato myembamba isiyohesabika, na herufi ya mwendo mara nyingi ni Q, kilomita 160 tu. Yanavutia sana machoni, kwa sababu kashata ni ndefu. Lakini mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7. Mchana wa Februari, Dar es Salaam, hewa iko nyuzi 32 na lami ni moto zaidi ya hapo. Mpira huo unalegea, kashata zinayumba chini ya gari, breki inachukua mita nyingi zaidi, na tairi linakwisha upesi. Kama gari lako lilikuja hivi karibuni kutoka Japani na hujawahi kuchuchumaa kulisoma, huenda unaendesha matairi ya theluji kwenye jua la Pwani.

Kuhusu matairi ya kuchongwa nitasema maneno machache. Kuna mafundi wanaochukua tairi kipara na kuchimba mifereji mipya kwa kisu cha moto hadi lionekane lina kashata. Tairi la lori lenye neno REGROOVABLE ubavuni limeongezewa mpira kwa kazi hiyo. Tairi la gari dogo halikuongezewa. Kisu kinaingia kwenye kinga ya nyuzi za chuma. Huo ni uuaji, na mnunuzi mwenye familia asiukaribie hata akipewa bure.

Basi twende dukani kwenye matairi mapya. Zamani kidogo jibu lilikuwa karibu. Arusha kulikuwa na kiwanda cha General Tyre, ambacho serikali ya Tanzania ilikimiliki pamoja na kampuni ya Continental ya Ujerumani, hadi uzalishaji uliposimama mwaka 2009. Nairobi walitengeneza matairi ya Yana chini ya Sameer Africa, na kiwanda hicho nacho kikafungwa mwaka 2016. Sasa tunategemea meli. Hilo lina maana moja ya kila siku kwa mnunuzi: tairi "jipya" limepitia bahari, kontena, bohari na huenda kibaraza chenye jua kabla ya kukufikia. Jipya maana yake halijatumika, haina maana limetengenezwa juzi. Soma tarehe yake vilevile. La mwaka mmoja au miwili lililokaa kivulini halina neno. La miaka 4 limekwisha kula sehemu kubwa ya maisha yake, na unayo haki ya kudai jingine au kupunguziwa bei.

Jina kubwa au jina dogo? Swali hili huulizwa kana kwamba kuna pande mbili tu, Japani na China. Tairi lenye jina la Japani laweza kuwa limetengenezwa Thailand au Indonesia, na viwanda vya China vinatoa bidhaa za ngazi nyingi. Badala ya kubishana juu ya bendera, soma maneno matatu yaliyo ubavuni mwa matairi mengi, ambayo yaliwekwa na sheria ya Marekani: TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Namba ya kwanza ni makadirio ya kampuni juu ya muda wa kashata kuisha; 400 inatarajiwa kudumu mara mbili ya 200. Ya pili ni mshiko wa breki kwenye lami yenye maji, kuanzia AA, kisha A, B hadi C. Ya tatu ni ustahimilivu wa joto, A hadi C. Kwa gari la familia la zamani kwenye barabara zetu, chagua TEMPERATURE A na TRACTION isiyo chini ya A, halafu ndipo ulinganishe bei. Namba kubwa sana ya TREADWEAR isikupumbaze, kwa sababu mpira mgumu unaodumu sana mara nyingi hushika kidogo kwenye mvua. Ukipata tairi la jina usilolijua lenye alama hizo, tarehe nzuri, uwezo wa kubeba unaotakiwa na muuzaji atakayekupa risiti, nunua. Hukumu yangu ni hii: tairi jipya la jina dogo ni bora kuliko mtumba wa jina kubwa, kwa sababu mtumba una historia usiyoweza kuisoma. Ulipigwa ukingo mara ngapi, uliendeshwa bila upepo umbali gani, ulizibwa wapi, hakuna alama ubavuni ya kukueleza.

Anayesema mtumba ni nafuu apige hesabu kwa miezi. Tuseme mtumba ni shilingi 60,000 na unakufikisha miezi 10, na jipya ni 150,000 likakufikisha miaka 4. La kwanza linakula 6,000 kwa mwezi, la pili 3,125. Kinachomkwamisha mtu ni kutoa laki sita kwa mkupuo mmoja, na hilo nalijua ni zito. Njia ya heshima ni kununua mawili sasa na mawili baada ya miezi michache.

Ukinunua mawili, yafunge nyuma. Najua fundi atakataa, na jirani atakataa, kwa sababu injini iko mbele, usukani uko mbele, na matairi ya mbele ndiyo yanayoisha haraka. Fikiria hata hivyo kinachotokea kwenye mvua ya masika pale Kitonga au kwenye kona za Lushoto. Matairi ya mbele yakipoteza mshiko, gari linakataa kukata kona na kwenda moja kwa moja. Dereva anaondoa mguu kwenye mafuta, uzito unarudi mbele, mshiko unarejea. Matairi ya nyuma yakipoteza mshiko, mkia wa gari unatangulia, gari linazunguka, na dereva wa kawaida hana muda wala mazoezi ya kulirudisha. Michelin, Bridgestone na watengenezaji wengine wakubwa wanashauri hivyohivyo: yenye kashata nyingi nyuma, hata kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele. Ya nyuma yaliyotoka yahamie mbele ikiwa bado yana umri na kashata. Kwa magari yanayovuta kwa magurudumu manne kila wakati, kama Subaru nyingi, nunua manne kwa pamoja, kwa kuwa tofauti ya kimo kati ya mbele na nyuma huilazimisha mitambo ya kugawa nguvu kufanya kazi isiyokoma hadi iungue.

Kabla matairi mapya hayajapanda, muulize fundi akuonyeshe yaliyoshuka. Tairi kuukuu ni ripoti ya afya ya gari zima. Likiwa limeisha katikati, lilijazwa upepo kupita kiasi. Likiwa limeisha kingo zote mbili, lilikosa upepo. Ukingo wa ndani peke yake unasema alaimenti imekwenda, au bushi na tairodi zimelegea. Mabonde mabonde yanayopishana kuzunguka tairi yanasema shokapu zimekufa. Kwenye gari la miaka 20 utakuta mawili au matatu kati ya haya kwa pamoja, na kuweka matairi mapya juu ya bushi zilizokufa ni kuyatupa. Kama fedha haitoshi kwa vyote, tengeneza miguu ya gari kwanza, ilimradi matairi yaliyopo bado yako hai kwa umri na kashata, kisha ufanye alaimenti mara tu mapya yakipanda.

Siku ya kufunga simama pale pale, usiende kunywa chai. Dai valvu mpya kwa kila gurudumu. Ya zamani ina umri wa tairi la zamani, na ni kitu cha bei ndogo. Hakikisha mshale wenye neno ROTATION unaelekea mbele, na neno OUTSIDE linaonekana nje. Hakikisha balansi inafanywa kwa mashine. Upepo wa naitrojeni wa kulipia uache. Hewa ya kawaida tayari ni asilimia 78 naitrojeni.

Limebaki suala la upepo, na hapa ndipo matairi mengi mazuri huuawa. Kwenye kituo cha mafuta kijana huuliza, "Bosi, ngapi?" na jibu la kawaida ni "thelathini na tano kote" au "weka tu ya kutosha." Namba sahihi ipo kwenye kile kibandiko cha mlangoni. Kwenye magari ya Japani imeandikwa kwa kPa: 220 ni psi 32, 230 ni psi 33. Ile namba ya MAX PRESS iliyo ubavuni, 44 au 51, ni ukomo wa tairi, siyo kipimo cha gari lako. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe.

Ford na Firestone walilijifunza hili mbele ya dunia nzima. Agosti 2000 Firestone walitangaza kurudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka barabarani na magari kupinduka. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo Marekani vilizidi 250. Kulikuwa na kasoro za utengenezaji na za muundo, na kampuni hizo mbili zilirushiana lawama. Moja ya hoja kuu ilikuwa upepo: Ford walikuwa wameelekeza psi 26, kiasi kidogo, na tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi na kuchemka, hasa kwenye joto na mzigo. Ajali nyingi zilitokea kwenye majimbo ya kusini wakati wa kiangazi. Kutokana na sakata hilo Marekani ilitunga sheria iliyoleta taa ya dashibodi inayoonya upepo ukipungua. Spacio yako ya 2003 haina taa hiyo. Geji ya mkononi ndiyo mbadala wake.

Na siyo joto tu. Miaka ya 1960 watafiti wa NASA waliokuwa wakichunguza ndege zinazoteleza kwenye maji waligundua kwamba mwendo ambao tairi huanza kuelea hutegemea zaidi upepo uliomo. Kwa kanuni yao, tairi la psi 32 lisilo na kashata za kufaa huelea kwenye maji mengi kwa karibu kilomita 94 kwa saa. Likishuka hadi psi 20, huelea kwenye 74. Kashata nzuri husogeza mwendo huo juu kwa sababu hukamua maji pembeni. Ndani ya mifereji ya kashata kuna vinundu vidogo, vilivyoonyeshwa kwa herufi TWI au pembetatu ubavuni, ambavyo hulingana na uso wa tairi kashata zikibaki milimita 1.6. Jipya huwa na kama milimita 8. Usisubiri vinundu. Kabla ya masika, tairi lenye chini ya milimita 3 limekwisha maliza kazi yake kwa gari la familia.

Usilisahau lile la akiba. Kwenye magari mengi ya umri huu, tairi lililoko chini ya buti ndilo lilelile lililotoka kiwandani, halijawahi kugusa barabara, lina kashata kamili na miaka 20. Hilo likufikishe kwa fundi wa karibu kwa mwendo wa pole, basi. Likibadilishwa moja kati ya manne likiwa bado na umri mzuri, ndilo liwe la akiba.

Matairi uliyoyavua kwa sababu ya umri usiyaache kwa fundi yakiwa mazima, wala usiyauze. Yakipakwa dawa nyeusi yatapanda gari la familia nyingine kabla ya wiki kwisha. Mwambie fundi ayakate ubavu mbele yako, kisha umpe mshona katambuga. Kwake mpira wa miaka 10 bado una kazi, na huko hauwezi kumwua mtu.